Simoni Mshana, Nahodha Aliyetoka Uwanjani Dakika ya Hamsini na Nane

Mchungaji wetu, wafiwa wenzangu, Bwana Sleyum na watu wa nyumbani kwako, majirani wa Ruwi, na ninyi viongozi wa Ligi ya Ijumaa mlioketi mstari wa mbele, mimi ni Japhet Mshana, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujampeleka uwanja wa ndege kesho asubuhi. Nimeombwa nisome kwa utulivu, nami nitajitahidi.

Marehemu Simoni Elirehema Mshana alizaliwa tarehe 3 Mei 1977, Usangi, wilaya ya Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu mzee Elirehema Mshana, fundi seremala, na mama Nakundwa, ambaye yu hai na anamsubiri mwanawe nyumbani. Alibatizwa Agosti mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1992.

Elimu ya msingi aliipata kijijini kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, kisha akasoma sekondari mjini Same hadi alipohitimu kidato cha nne mwaka 1995, na huko Same ndiko alikochaguliwa nahodha wa timu ya shule kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa michezo alimwambia baba yetu kwamba kijana huyu hana mbio, shuti lake ni la kawaida tu, lakini anajua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenyewe hajafika. Wote waliocheza naye wanalijua hilo, na ninaona wengi wenu mnaitikia kwa kichwa.

Mwaka 1997 aliajiriwa kuwa dereva katika kiwanda cha mbao mjini Moshi, akaichezea timu ya kiwanda hicho daraja la pili, jezi namba kumi, kiungo mchezeshaji, mpaka kiwanda kilipofungwa Agosti 2002 na timu ikafa nacho. Tarehe 21 Februari 2004 aliwasili Muscat, akiwa dereva wa Bwana Sleyum katika soko la mboga na matunda la Mawaleh, na kazi hiyohiyo, ya kupeleka mboga mahotelini na madukani, aliifanya miaka ishirini bila kuibadilisha.

Tarehe 22 Desemba 2007 alifunga ndoa takatifu huko Usangi na Aika, binti wa mzee Mmari wa Machame, ambaye mwaka 2009 alimfuata huku na kuanza kazi ya ushonaji hapa Ruwi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Winifrida, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2008, ambaye hayupo nasi kwa sababu wiki hii yuko kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, na Elirehema, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2013, huyu hapa pembeni ya mama yake.

Sasa nafika kwenye mpira, na kwa kuwa katika miaka hii saba kaka yangu amejadiliwa mara nne yeye mwenyewe akiwa nje ya mlango, naomba leo ajadiliwe akiwa ndani.

Mwaka aliofika, marehemu na wenzake wanane waliunda timu ya Mwenge, ya Watanzania wa Ruwi na Mawaleh, ikicheza Ijumaa asubuhi kwenye uwanja wa vumbi wa Wadi Kabir. Aliichezea misimu tisa, akawa nahodha misimu sita, akatwaa nayo kombe mara tatu, mwaka 2007, 2009 na 2011, na katika misimu hiyo yote hakuonyeshwa kadi nyekundu hata moja. Mimi nilijiunga mwaka 2008, nikiwa na miaka ishirini, na ninaweza kusema mbele ya jeneza lake kwamba mabao yangu yote yaliyowafanya watu waniite jina la sifa yalianzia mguuni kwake.

Ijumaa ya tarehe 8 Juni 2012 tulikuwa na fainali, iliyopangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili tumalize kabla ya jua kali, lakini mgeni rasmi alichelewa, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri tukiwa tumeshavaa, na mpira ukaanza saa nne na robo, wakati mchanga ulikuwa unaunguza kupitia soli za viatu. Tulikuwa tunaongoza mabao mawili kwa moja. Dakika ya hamsini na mbili beki wetu wa kushoto, Godson, alianguka, akamwagiwa maji, akainuka, na dakika ya hamsini na nane akaanguka tena, safari hii macho yamegeuka na ngozi imekauka kama karatasi, hana jasho hata tone. Uwanjani hapakuwa na daktari wala gari la wagonjwa. Mwenyekiti wa ligi wa wakati ule aliingia mpaka kwenye mstari na kusema apelekwe kivulini, mchezo uendelee, kwa sababu mgeni ana safari. Simoni alimwomba asimamishe mchezo, alimwomba mara mbili, kwa heshima, mimi nilikuwa karibu nikasikia. Mara ya tatu hakuomba. Alivua kitambaa cha unahodha, akatugeukia, akasema, "Vijana, tunatoka."

Tulitoka wote kumi na mmoja, tukimbeba mmoja. Gari la mboga la Bwana Sleyum lilikuwa limepakiwa nyanya za hoteli moja, Simoni akashusha makreti akayaacha mchangani, akamlaza Godson nyuma, kwenye ubaridi wa jokofu la gari, akaendesha mpaka zahanati, na daktari akasema wangechelewa nusu saa tu, pasingekuwa na wa kutibiwa. Mchana alimpigia simu tajiri wake kumweleza kuhusu nyanya zilizoiva juani, na Bwana Sleyum, ambaye yuko hapa na atanisahihisha nikikosea, alimjibu, "Tungule ntanunua nyengine, Simoni. Huyo kijana yuhai?"

Hilo ndilo swali ambalo ligi haikuuliza. Wiki iliyofuata kombe lilikabidhiwa kwa wapinzani, Mwenge ikafungiwa misimu miwili, ikavunjika na haikusimama tena, na marehemu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, akafungiwa maisha. Hakukata rufaa. Ijumaa nyingine, akitoka kupeleka mzigo, alikuwa akisimamisha gari kando ya barabara na kuutazama mpira kupitia kioo, bila kuzima injini, kisha akiondoka kabla ya mapumziko ili asionekane.

Nisiwalaumu wengine nikajiacha mimi. Msimu uliokuwa unakuja niliahidiwa kutazamwa na kocha wa klabu moja ya hapa mjini, na kufungiwa kwetu kuliniondolea nafasi hiyo, ambayo haikurudi tena. Nilimwambia kaka yangu, nyumbani kwake nilikokuwa naishi, akiwa amekaa kitandani anafungua viatu, "Godson amepona. Mimi ndiye uliyenizika." Nilihama pale, na kwa miezi kumi na mitatu sikuzungumza naye, na aliyetupatanisha ni shemeji yangu Aika, aliyenitumia picha ya mtoto Elirehema bila neno lolote.

Mwaka 2018 uongozi mpya wa ligi ulianzisha Ukuta wa Magwiji katika ukumbi wake wa hapa Ruwi, ili picha za wachezaji wastaafu waliotukuka zitundikwe na vijana wazione. Masharti ni misimu mitano au zaidi, makombe, mchango kwa jamii, na nidhamu. Jina la marehemu lilipelekwa mwaka 2019 likakataliwa, likapelekwa mwaka 2021 likakataliwa, likapelekwa mwaka 2022 na mwaka 2024. Nitasema hoja za waliomkataa kama walivyozisema wao, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akizieleza bila kuzipotosha. Walisema fainali haiachwi na nahodha. Walisema alimwaibisha mgeni ambaye alikuwa tayari kutusaidia kupata uwanja wa nyasi, na ni kweli uwanja huo hatukuupata mpaka leo. Walisema aliamua peke yake jambo la watu kumi, na mimi niliyekuwa mmoja wa hao kumi siwezi kusema hoja hiyo haina kitu. Walisema akiwekwa yeye, kila nahodha atatoa timu akikasirika. Hayo yote yanajadilika. Lakini ukutani pale yupo mlinzi aliyemvunja mwenzake mguu mwaka 2009 makusudi, yupo pia yule mwenyekiti aliyesema mchezo uendelee, na nidhamu yao haikuulizwa.

Kwa hafla ya tarehe 16 Desemba 2022 marehemu aliitwa ukumbini kwa simu siku chache kabla, akaambiwa safari hii mambo yako vizuri. Aika alimshonea suti ya kijivu kwa siku tatu, na Winifrida, aliyekuwa huku kwa likizo, akaketi kati ya wazazi wake akiwa ameshika simu tayari kupiga picha. Majina matatu yalisomwa. Wakati watu wanapiga makofi kwa jina la tatu, mtoto alimuuliza baba yake kama kuna karatasi nyingine, na baba yake akamwambia apige makofi, waliotajwa ni watu wazuri.

Kura zilikuwa tano za kumkataa, nne za kumkubali. Kesho yake Godson, ambaye tangu mwaka 2020 ni katibu wa kamati hiyo, alimfuata marehemu sokoni Mawaleh na kumwambia kwamba mkono wa tano ulikuwa wake, kwa sababu angemuunga mkono watu wangesema analipa fadhila, na heshima ya kamati ingeharibika. Mimi nilikuwa hapo nikimsaidia kupanga makreti, nikamsikia kaka yangu akimjibu taratibu, "Sikukubeba ili unipigie kura, Godson. Ila ungeniambia jana mchana, mwanangu asingekuja." Kisha akapanda gari, maana alikuwa na mzigo wa kupeleka. Kuanzia siku ile hakutaka tena kusikia habari za ukuta, na mwaka 2024 ni mimi niliyelipeleka jina lake bila kumwambia, na ni mimi niliyelificha jibu.

Afya yake ilianza kuzorota Februari 2024, alipogundulika kuwa figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Soko lilipohama kutoka Mawaleh mwaka huohuo, hakuwa tena na nguvu ya kuendesha gari kwenda mbali, lakini Bwana Sleyum hakumwondoa kazini wala kumfutia kibali chake cha ukaazi, alimpa kazi ya kupokea simu za wateja akiwa nyumbani. Hali ilibadilika ghafla tarehe 6 Novemba mwaka huu, akalazwa, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Juzi Jumatano kamati ilifika nyumbani kutupa pole, na baada ya sala mwenyekiti wa sasa akatoa karatasi na kutuambia kwamba usiku uliotangulia walikaa kikao cha dharura na kumpitisha marehemu kwa kura zote, hakuna aliyepinga, wanaomba picha yake akiwa na jezi, na wanaomba jambo hilo litajwe katika historia hii. Nimelitaja. Nami naomba litajwe pia jibu la mjane, ambaye aliisoma karatasi yote, akaikunja, akamrudishia mwenyekiti na kusema, "Picha ninayo, baba. Sitoi. Mlipokuwa mnamkataa alikuwa anasikia, sasa mnamkubali hasikii." Jana jioni, alipotoka kwenye mtihani, tulimuuliza Winifrida kwa simu kama anaona tofauti na mama yake, kwa sababu ni baba yake na ana haki, akasema yeye aliona siku ile, hahitaji kuona tena. Kwa hiyo familia inaomba ukuta huo uachwe kama ulivyo.

Wajumbe walipoondoka, Godson alibaki mlangoni. Aliniomba nafasi ya kusafiri nasi mpaka Usangi ili awe kaburini, akasema tiketi atajitegemea, nami nikamwambia ndege imejaa. Ndege haikujaa. Nalisema hapa kanisani kwa kuwa nimeshindwa kulala nalo, na kwa kuwa marehemu hakuwahi kumdanganya mtu huyu hata siku ile ya sokoni. Nafasi ipo, Godson, na unaweza kuinunua bila kuniuliza. Lakini neno karibu bado silipati mdomoni, na sitalisema kwa ajili ya kuwafurahisha waombolezaji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi aliyejifunza kumsalimia kwa Kiswahili, majirani wa jengo letu waliopika chakula siku hizi tatu bila kuulizana zamu, madereva wenzake wa sokoni waliosimamisha kazi leo, mchungaji na usharika huu, na Bwana Sleyum na familia yake, waliogharamia safari ya mwili kabla sisi hatujafungua mdomo kuomba. Kamati ya ligi tunaishukuru kwa kufika.

Simoni, kaka yangu, nahodha wangu, miezi ile kumi na mitatu nilikuwa nakukasirikia kwa jambo jema, na sikukuambia hivyo ulipokuwa unasikia. Mama amesema kaburi limeshachimbwa, upande wa juu, karibu na baba. Pumzika huko, kaka, kwa amani ambayo sisi wa hapa hatukukupa.