Baiskeli Isiyo na Breki

Ndugu zangu, ninashukuru kusimama mbele yenu. Nitasema polepole. Neno likichelewa, nisubirini, msinimalizie. Mtaelewa kwa nini.

Hapa kanisani kwetu Thornton Heath, London, mnanijua kama mzee wa kanisa anayefungua mlango na kupanga viti. Vijana hawajui kwamba niliwahi kuimba rokabili, ule muziki wa zamani wa gitaa la umeme na besi kubwa inayochapwa kwa kiganja. Tuliupata Nairobi kupitia santuri za Marekani. Nywele zangu zilipakwa mafuta zikasimama kama kilemba cha jogoo. Msicheke, mke wangu, mama yenu aliyeketi pale, alizipenda.

Wenzangu waliiga nyimbo za Kizungu. Mimi nilitunga kwa Kiswahili. Wimbo uliotuvusha hadi London ulihusu kijana aliyempakia mchumba wake kwenye baiskeli isiyo na breki. Tulijaza kumbi, kisha watu wakataka muziki mwingine, bendi ikavunjika, nami nikapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Nilikuwa nikiishi Hounslow, karibu na uwanja huo, nilipookoka. Gitaa likapanda juu ya kabati, nikaingia kwaya.

Mwaka juzi kiharusi kilinipata jikoni. Mkono uliopooza ulirudi upesi. Maneno hayakurudi. Nilikiona kikombe, nikajua ni kikombe, lakini jina lake lilikataa kutoka. Hata kuomba kwa sauti sikuweza. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa kwamba nitakufa bila kusema tena na mke wangu.

Nanyi mlinipenda. Mlikuja kwa zamu na mabakuli ya pilau. Lakini kila nilipofungua mdomo, mtu alinijibia.

"Mzee anataka chai."

Nilitaka dirisha lifunguliwe. Nikaletewa chai.

"Mzee amechoka, tumwombee."

Sikuwa nimechoka. Mwishowe nikaacha kujaribu, nanyi mkasema nimepata amani.

Siku moja alikuja mchungaji pamoja na dada mmoja wa ushirika wetu, muuguzi. Mama yenu alikuwa akikaanga vitunguu huku akiimba ule wimbo wa baiskeli.

"Mama, huo wimbo ni wa nani?" dada akauliza.

"Wa huyu hapa. Ndio alionipata nao."

Dada akaanza kuuimba naye. Jamani, aliuburuta kama anasindikiza jeneza. Nilivumilia mstari wa kwanza. Wa pili ukanishinda. Nikapiga meza kwa kiganja, nikaimba: "Rehema, shikilia, baiskeli haina breki!" Nikamaliza ubeti mzima bila kukwama, mbele ya mchungaji.

Vitunguu vikaungua. Mama yenu akanitazama huku machozi yakimtoka.

"Na huyo Rehema," akasema, "hujaniambia hadi leo ni nani."

"Mama, mwache aimbe kwanza," mchungaji akasema. "Tutamhoji baadaye."

Dada akatueleza kwamba ugonjwa huu unaweza kuziba usemi na kuacha wimbo ukiwa mzima. Akawakataza wote kunijibia. Siku hiyo niliomba dirisha kwa mdundo wa rokabili, likafunguliwa. Sala ya Bwana niliirudia kwa tuni ya baiskeli, na sikuona Mungu akikasirika. Wimbo ulitangulia, maneno yakafuata, moja moja, hadi leo nasimama hapa.

Asante, dada, kwa sikio lako na hata kwa mdundo wako mbovu. Asante, mchungaji, kwa kutonihukumu. Asanteni nyote mliojifunza kukaa na ukimya wangu bila kuujaza. Ninachowaomba ni hiki tu: mgonjwa akifungua mdomo, mpeni nafasi, hata pilau ikipoa. Mungu hakuniondolea kile nilichokiweka juu ya kabati. Alinitunzia.

Na wewe, mke wangu, naona bado unasubiri kuambiwa Rehema ni nani. Jibu lipo, mama. Linakuja polepole. Mtu asinimalizie.