Ngoja-Nione: Maisha ya Dada Yetu Aliyekuwa na Kazi Nyingi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kumsindikiza dada yetu, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome safari ya maisha yake, nami nakiri mapema kwamba shughuli hii imetutoa jasho, maana karatasi tuliyopewa hospitalini tuijaze ina mstari mmoja tu wa kuandika kazi ya marehemu, na sisi tulikaa mezani tangu asubuhi hadi chai ikapoa mara mbili tukibishana, huyu akisema mchoraji, yule mfinyanzi, mwingine mtangazaji, mpaka shemeji, mume wake, akachukua kalamu akaandika neno moja, "nyingi", akaturudishia karatasi.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, katika wodi ya wazazi ya hospitali ambayo mama yetu alikuwa akifua mashuka yake, mtoto wa pili kati ya watano, na baba yetu alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani mwa nyumba yetu ya vyumba viwili, nyuma ya ghala la magunia. Jina alilopewa siku ile ni wachache walioliita, kwa sababu alipokuwa na miaka mitano baba alitoka kwenda kununua vifungo, aliporudi akaikuta cherehani yake haipo mezani, ipo sakafuni, imefunguliwa yote, kila skrubu imelazwa kwenye kipande cha kitambaa kwa kufuata ilivyotoka, na binti yake amechuchumaa katikati. Baba, ambaye suti ya bwana harusi ilikuwa inamsubiri, akapiga kelele, "Umenifanyia nini wewe mtoto?" naye bila kuinua kichwa akajibu, "Ngoja nione, baba, nataka nione ule uzi wa chini unakutana wapi na wa juu." Baba alichutama naye, wakairudisha pamoja, yeye akimpa skrubu moja baada ya nyingine bila kukosea hata moja, na jioni ile mzee akamwambia mama kwamba mtoto huyu si mharibifu, ni mdadisi, tusimpige. Tangu siku hiyo akaitwa Ngoja-Nione, nasi wadogo zake tulipozaliwa tulidhani ndilo jina lake.

Alisoma shule ya msingi tangu mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mwaka 1972 hadi 1975, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani, ila mwalimu wa sayansi alimpa chura amchore, akamchora nje na ndani, na picha ile ilibaki ukutani mwa maabara hata baada ya mwalimu mwenyewe kustaafu. Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kupanga herufi za madini ya risasi, na huko alikutana na jambo lililomnyima raha, kwamba ili neno lisomeke vizuri kwenye karatasi lazima lipangwe kinyume kwenye chuma. Akaanza kujiuliza ni vitu gani vingine hupendeza vikigeuzwa, akaokota soli za viatu vilivyokwisha, akazichonga kwa wembe, akazipaka wino uliobaki kwenye mashine, akachapa picha zake za kwanza baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya msimamizi aliyemwonya asiharibu karatasi nzima. Maonyesho yake ya kwanza hayakuwa na ukumbi, alizianika picha kwenye kamba za kufulia za mama yetu, na wafuaji wenzake mama wakawa wanapita chini yake wakicheka, wakijitafuta ndani ya picha.

Katika kiwanda hicho ndiko alikompata mume. Bomba lilivuja juu ya stoo ya karatasi, akaitwa fundi bomba kijana, na wakati wafanyakazi wote wanamuuliza atamaliza lini, dada yetu alisimama chini ya ngazi akamuuliza kwa nini bomba huimba kabla maji hayajatoka. Fundi akasema, "Ni hewa, maji yanaisukuma mbele." Dada akauliza, "Na bomba likiwa fupi zaidi?" Shemeji anasema hakuwa na jibu, akaahidi kurudi nalo, na kwa wiki tatu alirudi kulikagua bomba ambalo lilishaacha kuvuja. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1979, wakahamia nyumba yenye ua wa saruji ambamo wameishi hadi leo, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1981, ambaye leo ni mfamasia, na mvulana aliyezaliwa tarehe 23 Septemba 1985, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 1988 marehemu aliacha kazi kiwandani, akaanza kujitegemea, na hapo ndipo zilipozaliwa zile picha ambazo wengi wenu mnazijua, za wanawake wafuaji wa hospitali, wamebeba mashuka, wamechoka, mmoja anacheka, zote zimepakwa kwa buluu ileile ya kufulia nguo nyeupe, aliyoikoroga kwa gundi mpaka ikashika kwenye turubai. Mwenye jumba la picha alizinunua zikiwa mbichi, wageni wakazigombania, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ilipata vioo vya madirisha vyote. Tarehe 14 Mei 1994 bwana yule alikuja nyumbani na mkataba, miaka mitano, picha arobaini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, "Sharti ni hili tu, mama, ziwe za buluu." Dada akausoma mkataba wote, kisha akamrudishia, akasema, "Hawa wanawake nimeshawajua, nikiwachora tena nitakuwa nawadanganya, na wewe nakudanganya, sasa hivi nataka kujua udongo." Bwana akafikiri anapandishiwa bei, akaongeza pesa, akaongeza tena, akaondoka na mkataba wake bila sahihi.

Hatuwezi kusoma historia hii tukaruka hapa. Ndugu wote tulimlaumu, mimi wa kwanza, nikamkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka, akanitazama kwa huruma akasema, "Basi nitashika sita, likiponyoka moja nibaki na matano," na mimi nikacheka nikiwa nimekasirika. Lakini binti yake, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili na alishaambiwa kwamba kwa fedha za mkataba huo atakwenda shule ya bweni aliyoitamani, hakucheka, alisimama mlangoni akauliza, "Mama, kuwachora tena kungekuuma wapi?" Mwezi uliofuata binti akaenda kuishi na kusoma kwa shangazi yake, na kwa miaka mingi iliyofuata alipokuja nyumbani alikuja kama mgeni, anabisha hodi kwenye mlango wa kwao, anasubiri akaribishwe.

Marehemu alikula jeuri yake kwa miaka mingi, na hatutasema ilikuwa tamu kila siku. Aliingia kwenye udongo, na mwaka 1997 akatengeneza masikio mia moja na kumi na mawili ya watu wa mtaa huu, kila sikio kwa kipimo cha mwenyewe, akayapanga kwenye ukuta wa soko bila majina, akasimama pembeni kuona kitakachotokea. Kilichotokea ni kwamba hakuna aliyeweza kulitambua sikio lake mwenyewe, muuza mkaa alibishana na kinyozi juu ya sikio ambalo halikuwa la yeyote kati yao, ila wake waliyatambua ya waume zao mara moja, na mama mmoja akalishika sikio la udongo la mzee wake, akalisuta mbele ya kadamnasi kwa mambo ambayo lile la nyama lilikuwa limekataa kusikia. Mwaka 2000 alitengeneza filamu ya vivuli ambayo hata sisi damu yake hatukuielewa, mwenyewe alipoitazama akasema nayo haikujielewa, akaiweka kabatini. Mwaka 2003 yeye na mume wake walisimamisha mabomba thelathini na mawili uani kwao, marefu na mafupi, maji yakifunguliwa yanaimba, na ilikuwa kazi nzuri sana kwa yeyote asiyekuwa jirani. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 alikuwa na kipindi cha dakika tano kwenye redio ya mtaa, akipita na kinasa sauti chake akiwauliza watu swali moja tu, wamejua nini leo ambacho jana hawakukijua, na mlinzi wa benki, mkunga, mtoto wa chekechea, kila mmoja akawa na jibu, wengine wakawa wanamfuata wao.

Mwezi Agosti 2015, akiwa anachonga soli, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilianza kutetemeka, akadhani ni uchovu, na baada ya vipimo vingi, tarehe 8 Machi 2016 daktari alimweleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, usiopona, ila hutulizwa kwa dawa. Mume wake akaipeleka karatasi ya dawa dukani kwa binti yao, akaiweka kwenye kaunta, na binti alisoma jina la dawa kwanza, ambayo aliifahamu vizuri inatibu nini, kisha jina la mgonjwa. Alivua koti la kazi, akafunga duka, akaja nyumbani, na siku hiyo hakubisha hodi.

Alimkuta mama yake mezani, karatasi nyeupe mbele yake, kalamu mkononi, mkono umeegeshwa tu, hauongozwi, na kalamu inachora yenyewe mistari midogo midogo kama nyasi. "Mama, unafanya nini?" akauliza. Mama yake akasema, "Mkono huu nimeuamrisha miaka arobaini, sasa nataka nione wenyewe ukiachwa unachora nini." Binti akavuta kiti, akaitazama ile karatasi, halafu akauliza swali ambalo mtu wa dawa pekee ndiye angeliuliza, "Hii ni kabla ya kumeza dawa, au baada?" Marehemu akauinua uso, akamwangalia mwanawe kama aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake, akasema, "Hilo sikulifikiria."

Kuanzia siku hiyo wakachora karatasi mbili kila siku, moja kabla ya dawa na nyingine baada, binti akija asubuhi kabla ya kufungua duka, akiandika tarehe na saa pembeni kwa mwandiko wake mdogo, na asipoweza kuja baba yake alishika zamu. Daktari alipozipanga karatasi hizo sakafuni mwa ofisi yake, akapita juu yake kwa soksi, alibadilisha kipimo cha dawa kwa kuzifuata. Zimefika karatasi elfu tano na kitu, na mwaka 2021 zilijaza kuta za ukumbi mzima, jina la mama na la binti yakiwa yameandikwa sawa, kwa herufi za ukubwa mmoja, kama alivyoagiza yeye. Kuhusu ule mkataba waliongea mara moja tu tunayoijua, binti akasema, "Mama, bado nadhani ulikosea," marehemu akasema, "Huenda," akamnyooshea karatasi nyingine.

Tarehe 12 Februari mwaka huu wa 2024 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na siku ya Jumatatu tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, zikiwa zimebaki wiki tatu atimize sitini na sita, mume wake akiwa upande mmoja wa kitanda na watoto wake upande wa pili. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na sisi ndugu zake watatu tuliobaki.

Familia inamshukuru daktari wake, ambaye alikubali kuulizwa maswali mengi kuliko aliyouliza, na wauguzi wa wodi ya tatu, waliomwachia kalamu hadi siku ya Jumamosi, na majirani, ambao kwa miaka ishirini wameamshwa na mabomba na bado wamekuja, na wachapaji wenzake wa zamani, na watu wa redio, na mafundi waliojenga jeneza hili, wakamruhusu shemeji apige randa mwenyewe. Na kuna ombi moja. Dada yetu hakuweka orodha, aliuza, aligawa, alisahau kazi zake kwa watu, na jana tu amekuja mama mmoja tusiyemjua akatuambia ana taa aliyotengenezewa na marehemu mwaka 1991, wakati sisi hatukujua kwamba aliwahi kutengeneza taa. Kwa hiyo, mwenye kazi yake nyumbani, tafadhali usiturudishie, ni yako, tuite tu siku moja tuje tukae, kama ni taa utuwashie, tuione.

Dada, umetuachia mengi ya kujifunza kuhusu wewe, nasi tutaanza kesho. Pumzika kwa amani.