Nukta Zilizonyamaza Siku ya Arobaini na Moja

Zimeni hiyo redio, wanangu, msogee karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na haya ya leo nataka niyaseme mara moja tu, mchana kweupe, akili yangu ikiwa bado ni yangu. Wewe kifungua mimba wangu kaa hapa kitandani na uache kunipima joto, uuguzi uuache hospitali. Wewe kitinda mimba simama hapo nikuone vizuri. Mjomba wenu mwacheni kwenye kiti chake pale dirishani. Amekuja kwa sababu nimemwita, na baada ya miaka kumi na tisa ya kupishana barabarani kama watu wasiojuana, kuja kwake tu kwangu ni jambo kubwa.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na mkitaka kuiuza iuzeni, ila msiiuze siku mliyogombana. Picha za mikia ya nyangumi zilizoko chumba cha juu, zote elfu moja mia mbili na kumi, zipelekeni kituo cha utafiti wala msizitupe, maana mkia wa nyangumi una madoa na makovu yake kama uso wa mtu, na wapo niliowajua vizuri zaidi kwa mkia kuliko nilivyowajua majirani zetu. Darubini ni yako, kitinda mimba, wewe uliyekuwa ukiiiba kabatini ukidhani sijui.

Sasa mazito. Kazi yangu mliijua juu juu tu: mama anatoka na mabuti ya mpira, mama anarudi ananuka chumvi. Nilikuwa nasimama mbele kabisa ya boti, miguu nimeitanua, bunduki ya upepo begani, na mnyama mwenye uzito wa malori matatu yaliyojaa anachomoza hatua saba kutoka nilipo, mgongo wake unapita, unapita, hauishi, na muda wa kufyatua ni kama muda wa kupiga chafya. Ninachomfyatulia si risasi bali ni kifaa kinachoenea kiganjani, chenye waya mwembamba juu yake. Kila nyangumi anapopanda kuvuta pumzi, waya ule unatoka majini na kuita setilaiti huko angani, na sisi ofisini tunaona nukta moja ikitokea kwenye skrini. Basi, ni hivyo tu, nukta. Lakini nukta zile, wanangu, zilinifanya nisahau chai mpaka ikaota ngozi. Mnyama anasafiri miezi miwili bila kula, hana barabara, hana alama, maji mbele na maji nyuma, na mimi nikilaza rula juu ya ramani naona mstari umenyooka kilomita elfu moja bila kupinda hata kwa upana wa ukucha. Dhoruba inakuja, inapita, mstari uko vilevile. Mwenzangu mmoja alisema anafuata sumaku ya dunia, mwingine akasema jua, mwingine akasema milima iliyo chini ya bahari, na tukaandika makala nene kuhusu hayo yote, lakini ukweli ni kwamba hatukujua. Nakufa sijui. Na kutojua huko hakukuwahi kunikera hata siku moja, kulinifanya nitembee na mdomo wazi maisha yangu yote.

Mwaka ule ninaotaka kuusema, hakuna mtu aliyejua nyangumi wetu wanazalia wapi. Walikuwa wanatuaga na mimba, wanarudi na watoto. Tukampata mmoja mwenye mimba kubwa, upande mmoja wa mkia wake umekatika, tukamwita Bi Nusu. Mjomba wenu ndiye aliyekuwa fundi wa vifaa pale kituoni, na kile cha Bi Nusu alikitengeneza kwa mikono yake, akakiziba kwa gundi tabaka juu ya tabaka, akakizamisha siku tatu kwenye ndoo ya maji ya chumvi ndipo akanikabidhi na kusema, "Dada, hiki kitafika." Nilifyatua, kikakaa barabara.

Safari ile iligharamiwa na kampuni ya boti za watalii, na mkuu wa kituo aliwaahidi kwa maandishi kwamba mahali pa kuzalia pakijulikana, wao ndio wa kwanza kuambiwa. Mimi nilikuwa nimeshaona ghuba nyingine, miaka mitatu nyuma, boti kumi na tisa zimemzunguka mama mmoja watu wakipiga picha, mpaka mtoto akatenganishwa naye akakwama mchangani. Nilimmwagia maji kwa ndoo tangu asubuhi hadi alasiri. Msiniulize ilikuwaje.

Kusoma nukta ilikuwa kazi yangu, nafungua mimi kila asubuhi ndipo nawaonyesha wengine, na neno la siri la kuzifungulia nilidhani ninalo mimi tu. Siku ya thelathini na nane tangu nifyatue, mstari wa Bi Nusu ukaacha kukimbia, ukaanza kuzunguka ndani ya kighuba kidogo ambacho hata ramani haikukipa jina. Nikaomba likizo, nikawaambia nyinyi naenda semina, nikapanda ndege, nikakodi boti peke yangu, nikaenda. Niliyoyaona huko sikumwambia mtu. Niliporudi, siku ya arobaini na moja, nikaingia kwa mkuu nikasema, "Nukta zimenyamaza. Kifaa kimekufa."

Nilidhani uongo ule hautamgusa yeyote. Ukamgusa wa damu yangu. Mkuu alimsimamisha mjomba wenu mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia hakuziba vizuri, maji yameingia, kazi ya miaka minne imezama kwa uzembe wake, akusanye zana zake aondoke. Akanitazama. Huyu niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa kazini, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akanitazama mimi, na mimi nikaitazama meza. Nilijiambia kwamba kumtetea ni kuisaliti ile ghuba, na hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa pia kufukuzwa, na nyinyi mlikuwa shule. Sitaki kuipamba aibu yangu kwa nyangumi. Tangu siku ile hakukanyaga hapa, na nyinyi mkakua mkiamini mjomba wenu ana kiburi, na mimi nikawaacha mwamini hivyo. Kiburi hana. Mwenye kosa ndiye huyu aliyelala mbele yenu.

Kabatini, chini ya mashuka mapya, iko bahasha. Ndani yake mna ramani na nukta zote. Kitinda mimba, itoe sasa hivi umpe yeye. Akitaka aipeleke kituoni jina lake lisafishwe, mfuateni mkashuhudie, hata kama ghuba itajulikana. Nimeamua kwa ajili yake mara moja, siamui tena.

Nini? Unasemaje, mdogo wangu? Njoo hapa, sikusikii ukiwa huko.

Mmemsikia? Anasema alijua. Anasema neno la siri la kufungulia zile nukta alilitunga mwenyewe, akawa anazifungua kwake kila siku, siku tisini na sita, mpaka betri ilipokufa kweli. Alimwona Bi Nusu akitoka kwenye ghuba akienda polepole, safari fupi fupi, akasema moyoni, huyu hayuko peke yake, ana mtoto. Alijua! Na alivyokuwa akidharauliwa kila karakana aliyoomba kazi, neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema. Kwa nini, wewe? ... Anasema hakukasirikia kazi. Anasema, "Nilikuwa nakungoja uje uniambie."

Miaka kumi na tisa. Ee Mola wangu. Ningekuja hata kwa magoti.

Nipeni dakika. Kifua hiki.

Haya. Ameirudisha bahasha, mmeona, ameiweka mkononi mwangu, anasema ghuba ibaki bila jina. Basi, kifungua mimba, chukua karatasi uandike hivi: kifaa kilikuwa kizima, fundi hakukosea, aliyedanganya ni mimi, na sababu nakwenda nayo. Usiongeze neno. Nitatia sahihi sasa hivi, kabla mkono haujagoma, na keshokutwa muipeleke kwa mkuu mpya, muisome kwa sauti, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama kama walivyosimamishwa siku ile. Ramani ichomeni. Mimi msinipeleke mbali, mnizike karibu na baba yenu, na msilie kwa kelele, mnajua sipendi kelele.

Mungu awashike, wanangu. Awape kazi ya kuwashangaza mpaka uzeeni. Mkikoseana, semeni siku hiyohiyo. Radhi zangu mnazo, zote, sijazuia hata... hata kidogo.

Nishike mkono, mdogo wangu. Umeuliza walikuwaje. Wewe uliona nukta tu, haki yako uone na mengine. Nilizima injini. Maji yalikuwa kimya, ya kijani, naona mpaka chini. Nilidhani ni Bi Nusu peke yake. Kumbe walikuwa... nilihesabu mpaka sabini nikaacha. Mama na mtoto, mama na mtoto. Wanapumua. Ghuba nzima inapumua, mvuke unapanda, na mbao za boti zikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu, kuna aliyekuwa anaimba huko chini, nikaisikia sauti yake kwenye mifupa kabla ya masikio. Nikakaa chini. Sikupiga picha. Mikono ilikataa.

Halafu Bi Nusu akaja na wa kwake. Jike. Hukujua, eh? Jike, ngozi bado ina mikunjo ya kukaa tumboni mwa mama yake. Yule mama akasogea mpaka... ubavuni mwa boti...

Nipe maji kidogo. Usiondoke. Nakuja kukwambia alivyogeuka, taratibu, akanitazama.