Mbele ya Kamba

Ndugu mliokusanyika, leo Ijumaa saa kumi jioni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, mwalimu wa darasa la watoto wadogo katika shule yetu ya kanisa atakabidhi ufunguo na kwenda kupumzika. Amepokea watoto 1,147. Namba hiyo si ya kukisia. Nimeijumlisha mwenyewe kutoka kwenye madaftari ya mahudhurio, alasiri tisa mfululizo, kisha nikairudia. Anayebisha aje ofisini. Madaftari yamo kwenye kabati la pili.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi watoto thelathini na wanane watakuwa wamesimama mlangoni pa darasa lake. Jambo hilo nitalirudia, maana limeninyima raha kwa wiki saba. Kwanza tuseme kazi yake.

Alipofika alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, na watoto wakamwita Dada Kamba. Baadaye wakamwita Mama Kamba, na siku hizi ni Bibi Kamba. Mimi namwita Dada, kwa sababu nilimkuta akiwa Dada na sikuona haja ya kubadilisha. Darasa alilopewa lilikuwa stoo. Nalijua vizuri kwa kuwa mimi ndiye niliyetoa majembe humo. Wakati huo nilikuwa mfyeka majani, elimu yangu darasa la saba; ukarani nilijifundisha mwenyewe, taipu kwa kidole kimoja hadi vikawa kumi. Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, na viti kumi na vinne kwa watoto ishirini na wawili. Mwaka wake wa pili aliahidiwa darasa jipya. Nina nakala za barua kumi na moja za kukumbusha. Darasa lilikuja mwaka wa kumi na tisa, ukumbi wa harusi wa kanisa ukiwa umeshapakwa rangi mara mbili.

Yeye hakulalamika. Kulalamika aliniachia mimi, akisema kila mtu na kipaji chake.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa miaka minne na mitano kumtumaini Mungu, na alikataa katakata kuifanya kwa maneno matupu. Alisema mtoto haamini kwa masikio, anaamini kwa mikono na miguu. Siku ya hadithi ya dhoruba alileta shuka kuukuu, watoto wakaishika pembeni na kuitikisa ikawa bahari, mashua ya karatasi ikirukaruka katikati. Mtoto mmoja alipewa kazi ya kuwa Yesu aliyelala, na wenzake wamwamshe kwa kelele. Mwaka mmoja yule mtoto alilala kweli. Walipiga kelele, wakamtikisa, wakamtekenya, wapi. Nilikuja kufunga milango nikamkuta Dada ameketi sakafuni, kichwa cha mtoto mapajani. Aliniambia kwa kunong'ona nisiguse kitu, kwamba leo ndipo wameelewa jinsi Bwana alivyokuwa amelala.

Siku ya mana aliwagawia vipande vya mkate na kuwakataza kuweka akiba, kwa sababu kesho ina Mungu wake. Kijana mmoja mwenye busara ya duniani alificha vipande sita kwenye droo ya meza yangu. Sisimizi waliingia daftari la mahudhurio na kutembea juu ya majina yote kuanzia herufi ya kwanza. Nilikwenda darasani nimefura. Akaniambia andiko limetimia, kisha akaniletea kitambaa.

Mpishi wetu husema kwamba mimi nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuhesabu malaika. Ni yeye aliyeniita Bwana Idadi, na jina likanata. Sikatai. Mimi Mungu namwamini, na mlango naufunga.

Sasa kamba. Ilikuwa ya katani, mita ishirini na nne, yenye vifundo, kila mtoto na kifundo chake. Mara moja kwa mwezi watoto walifungwa vitambaa machoni, wakashika vifundo, naye akashika mbele. Hiyo ndiyo safari ya Ibrahimu, aliyetoka bila kujua aendako. Walizunguka uwanja, wakapita uchochoro kati ya tangi la maji na ukuta wa jikoni, wakarudi darasani kwa mlango wa nyuma. Sheria zilikuwa tatu: usiachie kifundo, usivue kitambaa mpaka mwalimu akuvue, na usifuate sauti ya mtu mwingine, kwa kuwa kondoo humjua mchungaji wao. Mtoto akiogopa, aliruhusiwa neno moja tu, kuuliza, "Upo?" Naye kutoka mbele hujibu, "Nipo." Niliisikia kutoka dirishani kwangu mwezi baada ya mwezi. Upo? Nipo. Wengine waliuliza kila hatua mbili. Hakuchoka kujibu.

Miaka kumi na minne iliyopita, mwezi Julai, kamba ilikatika.

Siku hiyo geti lilikuwa wazi kwa ajili ya lori la kokoto za ukumbi. Kwenye kona ya jikoni kamba ilisuguana na ukuta, ikakatika mbele ya mtoto wa mwisho, binti wa miaka mitano, mdogo kuliko wote. Wa mbele yake hakujua, maana macho yake yamefungwa. Walifika ishirini na watano. Dada aliwavua vitambaa haraka kwa ajili ya vumbi la lori na kuwapeleka kunywa chai. Mimi nilikuwa nimepita jikoni. Vikombe vilikuwa ishirini na sita, kimoja hakikuwa na mtu.

Dakika ishirini na saba zilizofuata sizisahau. Tulitazama geti lililo wazi, tukaamini ametoka. Dada alikimbilia barabarani, mguu mmoja hauna kiatu. Dereva wa lori aliingia chini ya gari lake mwenyewe kutazama. Mpishi alikwenda kwenye shimo la choo kipya na kurudi akitikisa kichwa, tukajua hamna kitu, tukapumua, tukaanza upya. Mimi nilizunguka uwanja nikiita jina lake, roho mkononi. Nilipita kando ya lile tangi mara mbili. Sote tulimtafuta mtoto anayekimbia. Hakuna aliyefikiri kurudi njia ya kamba.

Dada alirudi kutoka barabarani mikono mitupu. Alifika kwenye tangi, akaliegemea. Nilikuwa nimesimama hatua nane kutoka pale. Alimuuliza Mungu kama watoto walivyomuuliza yeye. Alisema, "Upo?"

Na nyuma ya tangi sauti ndogo ikajibu, "Nipo."

Yule binti alikuwa amesimama wima kwenye uchochoro wa sentimita sabini, kitambaa machoni, mikononi kipande cha kamba cha mita mbili. Nguo yake ilikuwa imelowa. Vidole ilibidi tuvifungue kimoja kimoja. Alikuwa ametusikia wote. Baadaye alisema babu mwenye funguo alipita mara mbili, lakini si sauti yake aliyoambiwa aifuate. Babu huyo alikuwa mimi, na nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Alipovuliwa kitambaa alimtazama mwalimu wake, akamwambia, "Umekawia."

Mambo haya yanasimuliwa kwenye sherehe kama muujiza mtamu, watu wanafuta machozi na kula keki. Mimi niliyekuwepo nasema ulikuwa utisho. Mtoto alitii kile tulichomfundisha, na utii wake ndio uliokaribia kumpoteza.

Niliandika ripoti ya kurasa tatu. Nilitaja muda, urefu wa kamba, idadi ya watoto kwa mtu mzima mmoja. Nikapendekeza safari ya kamba ikomeshwe. Kamati ikamsimamisha Dada kazi wiki sita. Ripoti ilisifiwa kwa usahihi wake.

Ilikuwa na upungufu wa sentensi moja. Kamati mpo hapa leo, basi isikieni. Februari mwaka ule Dada aliandika kuomba kamba mpya, akaomba tena Mei. Mtunza vifaa, ambaye ni mimi, nilijibu mara zote mbili kwa wino mwekundu: kamba bado nzima. Sikwenda kuitazama. Karatasi zote mbili ninazo. Mtu anayeweka nakala za barua kumi na moja za makosa ya wengine hana budi kuweka na mbili za kwake.

Dada alijua. Wiki sita alikaa nyumbani na hakumwambia mtu. Aliporudi aliwaketisha watoto chini, na mimi nikasimama mlangoni nikisubiri kutajwa. Aliwaomba radhi. Aliwaambia kamba ilikatika na yeye alisahau kuhesabu, kwa hiyo wasije wakadhani Mungu ni kamba, wala wasije wakadhani Mungu ni yeye. Mtoto mmoja akamuuliza Mungu alikuwa wapi siku ile. Akasema mengi hayajui, ila alipouliza, alijibiwa. Yule binti alikuwa mstari wa mbele. Alinyoosha mkono akasema aliyejibu ni yeye. Dada akacheka, nasi tukacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kwangu kuvuta pumzi tangu Julai.

Kisha akaja ofisini na ombi moja. Hakutaka kuzungumzia karatasi. Alitaka niwe nashika mkia wa kamba, macho wazi, nihesabu.

Nimeshika mkia huo safari 126. Yeye mbele akijibu, mimi nyuma nikihesabu. Sheria ya tatu tuliibadilisha: mtu mzima yeyote wa shule akikuita kwa jina, unaitika. Kamba inapimwa kila mwezi, kifundo kwa kifundo, na mtu mwenye kilo themanini na moja, ambaye pia ni mimi. Hatujapoteza mtoto. Mama wa yule binti, aliyetutolea maneno makali mwaka ule, na tuliyastahili, Januari alimleta mtoto wake wa mwisho. Alimkabidhi kwa Dada mkononi, akanitazama mimi, akaniambia nihesabu vizuri.

Sasa hiyo Jumatatu. Kustaafu si ajali. Tarehe hii ilijulikana tangu siku alipoajiriwa. Nimeandika barua nne kuuliza nani atapokea darasa. Wiki iliyopita nikajibiwa kwa mistari minne: mpaka mwalimu atakapopatikana, karani atashikilia. Hakuna aliyeniuliza. Mwalimu wa watoto hapatikani kama bawaba ya dukani. Sijui nyimbo. Sauti yangu inawatisha watu wazima, sembuse mtoto wa miaka minne. Kati ya watoto thelathini na wanane, kumi na saba hawajawahi kushika kamba. Tangu barua ile nimekagua kitasa cha darasa mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumanne Dada alikuja ofisini. Nilimwaga malalamiko robo saa nzima, naye akasikiliza hadi mwisho. Kisha akanitaka nisimame, akanifunga kitambaa machoni kinachonuka chaki na sabuni, akanishikisha kifundo. Tukatoka. Njia ile naijua, hatua mia mbili na kumi na mbili, nikaanza kuhesabu kimya kimya. Kwenye kona ya jikoni nikapotea hesabu. Kamba mbele yangu ikalegea. Nikasimama. Nina miaka hamsini na sita, na mpishi alikuwa dirishani, lakini niliuliza.

"Upo?"

Kimya. Nikauliza tena, na sauti yangu sikuipenda.

"Nipo," akasema Dada. Ilitoka nyuma yangu. Alikuwa ameachia mbele na kuzunguka kushika mkia.

Mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilisimama pale kwenye uchochoro wa sentimita sabini, nikamfikiria binti wa miaka mitano aliyesimama hapo dakika ishirini na saba. Mimi nilisimama labda dakika moja. Kisha nikaweka mkono ukutani, nikatembea. Niligonga goti kwenye mlango wa nyuma, lakini nilifika. Mpishi alisema leo Bwana Idadi amehesabiwa yeye. Dada alinivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwangu.

Dada, kwa watoto 1,147, kwa shuka, kwa mkate, kwa kalamu nyekundu uliyoifichia siri miaka kumi na minne, shule hii inakushukuru. Na mimi nakushukuru kando, kwa hesabu yangu. Mungu akupe miaka mingi, magoti yasiyouma, na asubuhi ambazo hakuna mtu anayekuuliza kitu.

Nyumba yako iko karibu na ukuta wetu, na Jumatatu kabla ya chai utawasikia wakiuliza. Nakuomba usijibu. Waache waniulize mimi. Mpishi amekubali kushika mkia, na nimemwonyesha namna ya kuhesabu. Nami nikifika kwenye tangi nitauliza kwa sauti ya chini, wasinisikie, na huyo nitakayemuuliza si wewe.