Watoto Thelathini na Wanane wa Mwalimu Gerson

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu, majirani na walimu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na poleni nyote. Familia imenipa mimi Yudith, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na wanaonifahamu wanajua kwamba sitasoma yale matamu peke yake.

Marehemu Mwalimu Gerson Lameck Chilimo alizaliwa Chamwino tarehe 14 Agosti 1972, akasoma shule ya msingi hukohuko mwaka 1981 hadi 1987, sekondari mwaka 1988 hadi 1991, kisha ualimu, na tarehe 1 Julai 1994 akaripoti kazini hapa Ilindamila akiwa na godoro, baiskeli na ubishi wake. Tarehe 21 Desemba 1996 alifunga ndoa na Yasinta, ambaye amemvumilia kuliko sisi sote, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 2000 alikwenda Arusha kusomea elimu maalumu, akarudi mwaka 2002 na stashahada na kichwa kikubwa, na hapa hatufichi kitu kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha. Mwaka 2004 aliletewa Anna, binti wa mzee Mazengo, mwenye miaka minane, aliyekuwa akirudia darasa la kwanza bila kujua hata irabu; marehemu akapanga picha zake mezani, akauliza maswali yake ishirini, mtoto akamkodolea macho tu, naye akaandika kwenye fomu kwamba ana ulemavu wa akili, akagonga muhuri, Anna akarudi nyumbani kuchunga mbuzi. Miaka miwili baadaye alimkuta na mama yake mashineni wakisaga mtama, akaona mama anamgusa bega kila anapotaka kumwambia jambo, na binti anamtazama midomo, akatambua palepale kwamba alikuwa amepima akili ya mtoto asiyesikia. Alikwenda siku hiyohiyo kwa mzee Mazengo kuomba radhi, na mzee akamjibu taratibu kwamba wao walijua tangu zamani kuwa mtoto hasikii, ila Mwalimu hakuwauliza.

Hakuwauliza, jamani! Neno hilo lilimkaa rohoni, na tangu siku hiyo hakumpima mtoto yeyote kabla ya kuketi na mama yake, na sisi ndugu zake akatuaibisha, kwani hata harusini alikuwa akipiga makofi nyuma ya watoto wa watu ili aone nani atageuka na nani hatageuka. Anna alipata nafasi shule ya viziwi akiwa na miaka kumi na mmoja, leo ni fundi cherehani Majengo na yuko nasi hapa, lakini marehemu hakuwahi kujisamehe.

Sasa, fomu ya mwalimu wa kijijini haitoshi, lazima wataalamu wa ofisini kule wilayani wamwone mtoto kwa macho yao, wampime masikio, macho na uelewa, waweke sahihi, ndipo apate shimesikio la kumsaidia kusikia, au miwani, au nafasi katika shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Kwa hiyo mwaka 2016 marehemu aliandika barua akiwaomba wafike, akiambatanisha majina ya watoto tisa. Akajibiwa kwamba barua imepokelewa, kisha kwamba inashughulikiwa, kisha kwamba aliyekuwa akiishughulikia amehamishwa, kisha kwamba fomu zimebadilika ajaze upya, akajaza upya zote, kisha kwamba gari halina mafuta. Miaka minane ya danadana! Orodha ikafika watoto thelathini na wanane, na wale wa mwanzo wameota ndevu wakiwa bado kwenye foleni. Tuliambiwa subira yavuta heri, sawa, lakini heri yenyewe ilikuwa inakuja kwa punda kilema.

Machi 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Dodoma mjini, na hata kitandani alikuwa akiuliza kama gari limekuja, wauguzi wakidhani anataka kurudi nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maji, kuni na unga, na walimu wenzake mliochimba kaburi kwenye udongo huu mgumu. Tunawashukuru pia wataalamu wa ofisini, ambao leo mmefika kumzika na magari matatu, kwa barabara ileile. Hatugombani, msiba si mahali pa ugomvi, ila watoto wote thelathini na wanane wamekaa pale kushoto na mama zao, chakula cha kuwatosha kipo, mwalimu mkuu ameshafungua madarasa, na vijana wetu wameegesha trekta nyuma ya magari yenu mpaka mtakapomaliza kupima.

Kaka Gerson, pumzika sasa kwa amani, wamefika.