Historia ya Coy Ledbetter wa Kiti cha Ishirini na Mbili

Ndugu, majirani, na nyie wengine mliofuata kuku wa kukaanga pale ukumbini, mimi naitwa Arlis Hocutt, nimemwoa Vernie, dada wa marehemu, na familia imenipa mimi nisome kwa sababu moja tu, kwamba siku ile ya tarehe 17 Oktoba 1987, siku iliyomuua Coy miaka thelathini na sita kabla hajafa, mimi nilikuwepo uwanjani, bega kwa bega na yeye, nikaona kila kitu kwa macho haya mawili, sikuhadithiwa na redio kama mtu mmoja aliyekaa leo benchi la nyuma na kofia kichwani ndani ya kanisa.

Marehemu Coy Hobert Ledbetter alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 hapa Pell Creek, Alabama, mtoto wa kwanza wa mzee Hobert na mama Ila, mkubwa mpaka mkunga aliomba jirani aje ashike miguu, akafuatiwa na Doyle, ndiye huyo wa kofia, mwaka 1952, na Vernie mwaka 1961, na mzee Hobert hakuwaachia watoto hawa shamba wala ng'ombe, aliwaachia viti vitatu vya kulipia msimu mzima kwenye uwanja wa Nyati, timu ya Chuo cha Talbird ya mpira wetu huu wa kubeba mikononi, namba ishirini na mbili, ishirini na tatu na ishirini na nne, pamoja na sheria moja, kwamba robo ya nne, ile ya mwisho, ikianza na Nyati wanaongoza, Ledbetter haondoki kwenye kiti chake, hata kibofu kipasuke, hata nyumba iungue, maana ukiinuka unaondoka na ushindi.

Alimaliza shule ya sekondari hapa hapa mwezi Mei 1967, darasa la Talbird hakuligusa maisha yake yote, kama sisi wengi tunaopigania timu yao, mwaka 1968 akaajiriwa na shirika la umeme la vijijini, akapanda nguzo miaka arobaini na mitatu, nguzo zote akizipanga juu kwa juu anafika mwezini na chenji inabaki, na tarehe 12 Juni 1971 akamwoa Nadine Sparks, mwezi wa sita makusudi, ili harusi isigongane na msimu wa mpira, wakajaliwa Rhonda mwaka 1973 na Clint mwaka 1976.

Sasa tuje kwenye ile Jumamosi, mzee Hobert ameshafariki miaka miwili, kofia yake imewekwa kwenye kiti cha ishirini na nne, na Doyle ana zamu kwenye kiwanda cha karatasi, kwa hiyo akanipa kiti chake, akaniambia, "Arlis, we si Ledbetter, ila leo hayo makalio ni ya Ledbetter, yaheshimu," na tulikuwa tunacheza na Chuo cha Walimu cha Orme, watu waliokuja na basi moja bovu, wafupi mpaka nyasi zinawafika magotini, wamealikwa waje wachapwe tu ili sherehe ya wahitimu ipendeze, na ikafika imebaki dakika moja na sekunde hamsini, sisi 21, wao 17, mpira tunao sisi, yadi nane kutoka mstari wao wa mwisho, majirani zetu wote pale jukwaani wameshaondoka kuwahi barabara, tumebaki wawili na kofia, na kazi iliyobaki ni kupiga goti na mpira mkononi mara tatu saa iishe, hata bibi yangu angeweza na yeye alikuwa kaburini, lakini kocha wetu Rayford Stitt akaingiwa na uroho wa pointi, akaagiza wakimbie nao, mchezaji wetu Delmar Pugh akaubeba, akagongwa, ukamtoka kama sabuni bafuni, na mtu mmoja wa Orme mwenye miguu ya korongo akauokota akakimbia nao yadi tisini na mbili, hakuna aliyemgusa hata kwa jina, ikaisha 24 kwa 21, na kimya kilichoingia pale ningeweza kusikia haradali inakauka kwenye soseji.

Jumatatu yake kwa kinyozi Hoyt Cagle watu nusura wachinjane kwa nyembe, huyu anasema kosa la kocha, yule anasema kosa la Pugh, mwingine anasema mwamuzi ana shangazi kule Orme, ndipo Doyle, povu limejaa shavu moja, akasema, "Sitaki kocha, sitaki Pugh, mimi nauliza nani aliinuka," nikamwambia mbele ya watu wote kwamba ni Coy, dakika ya mwisho, alishuka chini ya jukwaa kununua karanga za kuchemsha, na Doyle akaondoka vilevile, kitambaa shingoni, ndevu nusu, mpaka kwa kaka yake, mimi nyuma, tukamkuta Coy anatengeneza mashine ya kukatia majani, Doyle akamuuliza, "Uliinuka?" na Coy akaniangalia mimi kwanza, akamwangalia Vernie aliyekuwa kibarazani na mimba ya miezi saba, akasema, "Niliinuka," na Doyle akasema, "Basi mimi sina kaka."

Tangu hapo kila Jumamosi ya mpira, pale kwenye maegesho ya uwanja, akina Ledbetter wakawa wanachoma nyama majiko mawili, migongo imeelekeana, kesi inafunguliwa upya kila Septemba, Doyle anauambia moshi, "Waulizeni hao kama karanga zimeiva," Clint anajibu, "Kocha angepiga goti tungeshinda," na Doyle anamrudishia, "Na baba yako angekalia matako tusingehitaji goti la mtu," watu wanacheka, Coy anageuza mbavu juu ya jiko lake, na karanga hakuzila tena mpaka amekufa.

Marehemu aligundulika na saratani ya kongosho mwezi Januari 2023, akatibiwa Birmingham, na tarehe 2 Novemba hali ilipokuwa mbaya Nadine alimpigia Doyle simu aje amwone kaka yake, akajibiwa, "Mwambie niko robo ya nne, siinuki," na Coy alipoambiwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akafariki Jumanne tarehe 14 Novemba saa nne asubuhi, na jana, tulipokuwa tunapanga wabebaji sita wa jeneza, Doyle alisema mbele ya mjane kwamba yeye habebi mtu aliyeinuka.

Familia inawashukuru madaktari, inamshukuru muuguzi Tamsin ingawa kaka yake kasoma Orme na alikuwa anachoma sindano huku anatabasamu, inawashukuru wenzake wa shirika la umeme waliozima taa za njia yote ya maziko kwa heshima, na majirani kwa bakuli za viazi zisizo na idadi, tukila mpaka Pasaka hatuzimalizi.

Karatasi ya Nadine inaishia hapo, hili linalofuata natoa kichwani. Doyle, nimekutania miaka yote hii kwamba ulisikiliza kwenye redio, sasa sikiliza. Kila nilichosoma ni kweli, na chumvi yangu mnaijua, ila kitu kimoja nilikitunga. Coy hakushuka kununua karanga. Karanga zilikuwa zangu. Niliyeinuka ni mimi, kwenye kiti chako, nikamwacha pale peke yake na kofia ya baba yenu, na hata huo mpira kuanguka sikuuona, nilisikia mlio tu nikiwa chini ya zege la jukwaa na mfuko wa karanga unanidondoshea maji kwenye viatu. Jioni ile ya ndevu nusu Coy aliniambia, "Shemeji, Doyle angekuua, na Vernie ana mtoto tumboni, acha nibebe mimi, mimi ni kaka yake, kabla ya Krismasi atakuwa amenisamehe."

Mpini wa jeneza wa mbele kushoto hauna mtu, Doyle.

Pumzika kwenye kiti chako, Coy, hukuinuka.