Dakta Mahrokh Tavangar na Kiti cha Nyuma

Baada ya miaka thelathini ya kufundisha falsafa katika idara yetu hapa Isfahan, Dakta Mahrokh Tavangar anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi wa Shahrivar, kiangazi kinapoisha, siku chache kabla wanafunzi wapya hawajaingia. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki cha hafla kwa kuwa tumetumia ofisi moja kwa miaka mingi, meza yangu ikitazamana na yake. Sababu nyingine ni kwamba wenzangu wote walipoombwa walikumbuka ghafla kuwa wana mitihani ya kusahihisha. Mkuu wa idara amenisihi niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Dakta Mahrokh ni mzaliwa wa mtaa wa Khaju hapa mjini, binti wa fundi wa kupiga chapa za maua kwenye vitambaa. Alikuwa na kaka mmoja tu, Kiumars, ambaye alikwenda vitani akiwa kijana wa miaka kumi na tisa na hakurudi. Hakuletwa maiti, hakutajwa miongoni mwa mateka, hakuonekana tena na mtu yeyote. Mama yao aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kufunga mlango wa barabarani kwa komeo. Alipokuwa anakata roho alimwambia binti yake maneno machache: "Usiache kumfikiria. Maadamu kuna anayemfikiria, hayuko peke yake." Mahrokh akaahidi. Haya nayajua kwa sababu aliniambia mwenyewe, na ameniruhusu kuyaandika.

Alijiunga na idara akiwa mwalimu msaidizi, akakabidhiwa vitabu vya hikma ya kale ambavyo hakuna aliyevitaka, na ndani ya miaka michache darasa lake likawa halina nafasi ya kuweka mguu. Aliandika vitabu viwili, akasimamia wanafunzi wa udaktari wasio na idadi, akaongoza idara kwa kipindi kimoja na kuapa hatarudia. Katika yote hayo alikuwa anahangaika na swali moja: je, akili ya mtu inaweza kweli kukifikiria kitu kilichoko nje yake, kilivyo chenyewe? Au kila tunapodhani tumekifikia, tunakuwa tumeshika picha tuliyoichora wenyewe?

Yeye alisimama upande wa mabwana wa kale, kwamba akili hukifikia kitu chenyewe. Mimi, mwalimu wa mantiki, nilisimama upande wa pili, kwamba hakuna aliyewahi kutoka nje ya kichwa chake. Tulibishana kila siku baada ya chai, na wanafunzi walijifunza kupita mlangoni petu polepole. Aliniita Bwana Mantiki. Mimi nilimwita majina ambayo kijitabu cha hafla hakiwezi kuyabeba.

Kila mwanafunzi aliyepita kwake anakikumbuka kipindi chake cha kwanza. Aliwaambia wageuze viti na kutazama ukuta, naye akageuka pamoja nao. Nyuma ya darasa kilibaki kiti kimoja kitupu. Kisha kwa sauti ya upole kabisa akawaambia, "Kuna mtu amekaa nyuma yenu. Msigeuke. Mfikirieni." Baada ya muda aliuliza mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na mtu wake: mzee mwenye koti, mwanamke mwenye mikono myeupe, mtoto aliyelowa maji. Yeye alijibu vilevile kwa kila mmoja, "Huyo ni wako. Mimi nimeuliza habari za yule aliyekaa." Darasa zima lilikuwa likisisimka kwa baridi, hata mwezi wa Mehr, masomo yanapoanza na joto bado halijaisha.

Mwaka mmoja walipogeuka, palikuwa na mtu. Agha Nosrat, mpika chai wetu, alikuwa ameingia kimyakimya na sinia lake, goti likamuuma, akaona kiti kitupu. Wasichana walipiga yowe, mvulana mmoja mrefu akapanda juu ya meza, na Agha Nosrat akasimama na glasi mkononi akiuliza, "Jamani, kuna nini? Nimekaa tu. Kukaa nako kumekuwa dhambi?" Idara ilicheka mwezi mzima. Wachache waliona kwamba Dakta Mahrokh hakucheka. Alikuwa ameushika ukuta, mweupe kama chokaa, na kipindi hicho hakukifundisha tena kwa miaka mitatu.

Sababu niliijua baadaye, alasiri moja ya vuli, tulipokuwa tumesimama ndani ya chumba cha chai tukingojea birika. Nilimuuliza kwa mzaha ni nani aliyekuwa akimweka yeye kwenye kile kiti.

"Kiumars," akasema. "Kila mwaka. Siku ile nilipogeuka nikaona mtu, nilifurahi kwanza. Kisha nikaogopa."

"Uliogopa nini? Nosrat?"

"Niliogopa kwamba simjui. Kwamba akija kweli, sitamtambua." Alikuwa akizungusha kipande cha sukari vidoleni. "Siku hizi nikimuuliza kitu ananijibu vile ninavyotaka. Mzaha wake naujua kabla hajaumaliza. Ananitii, unaelewa? Kiumars hakuwahi kunitii hata siku moja. Yule aliyemo kichwani mwangu ni mimi, nimevaa koti lake."

Birika lilichemka, nikatumiminia chai.

"Na kama huyo ndiye ninayemfikiria miaka yote hii," akasema, "basi nimemdanganya mama. Kiumars hana mtu."

Nilikuwa na hoja kinywani, tena hoja nzuri, iliyothibitisha kwamba ndivyo ilivyo na haiwezi kuwa vinginevyo. Nikaimeza pamoja na chai. Tangu siku ile, kila tulipobishana, nilibishana kwa uangalifu, na nadhani aligundua, maana aliniambia nimezeeka.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja idarani mwanamume mmoja kutoka mji wa Najafabad. Baba yake alikuwa amefariki, na kwenye vitu vyake walikuta kanda ya kaseti iliyorekodiwa kule mstari wa mbele, wapiganaji wakitoa salamu za nyumbani kila mmoja kwa zamu. Mmoja alijitaja kwa jina la Tavangar, wa Khaju. Mwana huyo wa marehemu alikuwa ameulizauliza hadi akafika kwetu, akatuachia kanda na kwenda zake. Chombo pekee cha kuichezea kanda kilikuwa redio ya kaseti ya Agha Nosrat, ile iliyojaa mafuta na vumbi la chai, kwa hiyo tukajibana watatu ndani ya chumba cha chai, Dakta Mahrokh akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Zilipita sauti mbili tatu za watu tusiowajua. Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye haraka, inayopiga mluzi kidogo kila ilipofika kwenye herufi ya "s".

"Huyu si yeye," Dakta Mahrokh akasema mara moja. "Kiumars alikuwa na sauti nzito. Zima, Agha Nosrat."

Nosrat akanyoosha mkono. Sauti ikaendelea: "Na wewe Kifaranga, usidhani sijui. Ni wewe uliyevunja kengele ya baiskeli yangu ukaificha kwenye pipa la rangi la baba. Niliiona. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mwongo wewe. Nikirudi utanitambua."

Mkono wa Nosrat ukabaki hewani. Dakta Mahrokh alikuwa amefunika mdomo. Jina la Kifaranga halikuwahi kutamkwa nje ya nyumba yao, na habari ya kengele hakumwambia mtu yeyote, hata mama yake. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliamini kwamba kaka yake aliondoka bila kujua. Aliyemo kichwani mwake hakuwahi kujua.

"Jino," akasema. "Alivunjika jino la mbele. Nilisahau. Nimempa sauti ya mtu mwingine." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso wake, naapa, ulikuwa uso wa mtu aliyepokea mgeni mlangoni. "Bwana Mantiki, nimekosea. Umesikia? Nimekosea kila kitu. Ningekuwa namfikiria yule niliyemtengeneza, ningekosea vipi? Yeye ni vile ninavyotaka awe. Ili nikosee, lazima awepo mwingine ambaye nilikuwa nakosea habari zake. Ni yeye. Muda wote nilikuwa namfikiria yeye."

Agha Nosrat akapangusa macho kwa kitambaa cha glasi na kusema, "Khanum Dakta, mimi sielewi hata neno moja, ila kijana ana ulimi mchafu, Mungu amhifadhi."

Tangu siku ile natafuta hoja ya kumjibu Dakta Mahrokh. Ninayo moja, lakini siipendi.

Kanda haikuishia pale. Baada ya Kiumars mtu aliuliza, "Nani mwingine?" na hakuna aliyejibu. Ukafuata mvumo mrefu, upepo labda, na mtu akipumua karibu na kinasa sauti. Nosrat alitaka kuzima, Dakta Mahrokh akamzuia. Tulikaa tukisikiliza mahali ambapo hatujawahi kufika, mahali pasipojua lolote kuhusu sisi, hadi kanda ikakatika. Nywele zangu zilisimama, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye pensheni inayokaribia.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, ingawa haukuwa msimu wake, alikirudia kile kipindi cha kiti kwa mara ya mwisho. Niliomba niingie. Nilikaa kati ya wanafunzi nikitazama ukuta kama wao. "Kuna mtu amekaa nyuma yenu," akasema. Tukangoja aanze kuuliza, lakini hakuuliza. Alisema tu, "Mnakosea wote. Na mimi nakosea. Endeleeni kumfikiria."

Kutoka chumba cha chai, upande wa pili wa korido, nilimsikia Agha Nosrat akiosha glasi zake, akikohoa. Kwa hiyo safari hii aliyekaa kitini hakuwa yeye. Nyuma yetu kiti kililia, kama kinavyolia mtu anapoegemea. Hakuna aliyegeuka. Hata mimi, niliyeishi kwa kutaka ushahidi, sikugeuka.

Siku ya hafla kutakuwa na gazi, ile halua nyeupe ya Isfahan, chai, na hotuba ambazo tumeomba ziwe fupi. Safu ya nyuma kutakuwa na kiti kimoja kitupu, kwa ombi la mstaafu mwenyewe. Wageni wanaombwa wasikikalie, wasiweke makoti yao hapo, na hotuba zinapoendelea wasigeuke kukitazama.

Khanum Dakta, idara inakushukuru kwa yote. Ofisi itakuwa kimya mno, na sina hakika nitabishana na nani. Tunakutakia afya, mto wa mji wetu uliokauka ukijaa maji tena, na miaka mingi mirefu ya kukosea kuhusu yule umpendaye.